Bei ya Lafudhi

"Niko natafuta nyumba," nikasema,
na chumba cha Kirumba kikapanda elfu thelathini
kabla sijafika nukta.

Budodi dalali akaguna: "Dada,
hiyo 'niko' yako itatufilisi.
Kesho nyamaza. Kohoa tu."

Nikakohoa Igogo: kodi ya miezi sita, mkononi.
Nikakohoa Mabatini: choo kimoja, watu kumi na wanne,
na mwenye nyumba akauliza kama nina kifua kikuu.

Tukapanda mlima.
Huku bei hushuka kadiri unavyopanda,
kila jiwe unaloliparamia
elfu mbili imebaki chini.

Kileleni, ukuta wa nne ni jabali lenyewe,
bado lina joto la mchana, kama ubavu wa ng'ombe.
Mama Minza hakuuliza Uvira iko wapi.
Alinipa ndoo.
"Bomba lile, kule bondeni. Ukirudi tutaongea."

Nilirudi na nusu.

"Arobaini," akasema. "Mwezi kwa mwezi."
Budodi akaanza kuhesabu udalali wake kwa vidole,
ziwa likimeta nyuma ya sikio lake.

"Niko nashukuru," nikasema, kwa sauti yangu yote.

"Na ile nusu ya maji," akasema, "iko wapi?"