Ilivuja

Haikupasuka. Ingepasuka ungeisikia,
ungeshika nguzo ukaita watu.
Ilivuja tu, Bujinlham,
kama kiriba chenye tundu la sindano,
na wewe ukasema ni mkojo,
mtoto kakilalia kibofu, nani asiyeujua mwezi wa nane,
ukakunja kitambaa, ukarudi zizini.

Ilikuwa Aprili, mbuzi wanazaa,
upepo wa Gobi unatia mchanga hata kwenye chai.
Siku ya kwanza ulipokea wana-mbuzi kumi na mmoja.
Ya pili sikumbuki, ulisema tisa au saba,
na mmoja wa mama zao alikuwa yule wa pembe moja,
aliyetoa maji ya kijani.
Ulimjua kabla hujamgusa.
Ukamwambia mama mkwe: huyu ameharibika ndani,
mwana hatoki hai.
Pua hiyo ulikuwa nayo, siku hiyo hiyo,
na kitambaa cha tatu kimelowa mapajani mwako.

Sikulaumu. Naandika tu nilichoambiwa
kwenye fomu isiyo na nafasi ya mbuzi.

Siku ya nne ukatetemeka.
Akakufunika makoti mawili ya ngozi ya kondoo,
akachochea jiko, ukasema bado baridi.
Akakuwekea kiganja tumboni
akakitoa upesi, kama aliyegusa birika.
Gombo akawasha lile gari la kijivu:
saa sita, njia isiyo njia,
kila shimo likikuuliza swali lile lile.

Ulipofika mlangoni kwangu nilijua.
Vitabuni wameandika "harufu mbaya", basi,
maneno mawili, wakafunga mabano.
Si mbaya kwanza. Kwanza ni tamu,
tamu ya maziwa yaliyosahauliwa juani,
na hiyo ndiyo inayonitisha.
Joto thelathini na tisa na nukta mbili.
Moyo wako mia moja thelathini.
Wa mtoto, mia moja themanini na tano:
anakimbia, nikawaza,
anakimbia na hana pa kukimbilia,
nyumba yenyewe ndiyo inayowaka.

Dripu. Ampisilini, kisha jentamaisini.
Daktari Yanjmaa akasema hatungoji wiki zitimie,
humo si mahali pa kungojea tena.
Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli,
lakini haya hayakumwagika yote.
Yalibaki. Ndiyo taabu yake.

Uchungu ulichukua saa tano. Hukupiga kelele.
Ulihesabu, nilikusikia,
mwekundu, mweupe, mweupe, wa pembe moja,
ukirudi nyuma kila ulipokosea.

Akatoka wa kijivu, mlegevu kama soksi mbichi.
Kondo likafuata, na utando wake
uliopaswa kuonyesha mwanga
ulikuwa na ukungu, kama dirisha la jikoni.
Nikamsugua mgongo.
Nikamsugua.
Yanjmaa akahesabu kwa sauti, akaacha kuhesabu.
Nikamsugua.
Kisha kikohozi, kidogo, kama mlango wa kabati.

Tukamtia kwenye sanduku la kioo.
Kutoka chupa hadi chupa, maskini,
na hii niliikagua mwenyewe kwa vidole,
ukingo kwa ukingo, mara mbili.

Leo siku ya sita, fomu inataka jina.
Mama mkwe wako anasema Enebish,
yaani Si Huyu,
ili kinachomtafuta kikifika kikauliza
kijibiwe: si huyu, pita.
Mimi nimesomea kazi hii. Najua zimebaki siku nne za sindano,
najua majibu ya damu hayajarudi kutoka maabara.
Naandika Enebish kwa herufi kubwa,
nakoleza wino.

Umeamka. Hujauliza habari ya homa.
Unauliza kama yule wa pembe moja bado anasimama,
kama kuna anayemkamua.
Sijui, Bujinlham.
Nitamuuliza Gombo akija.