Msomaji wa Pili wa Zigi

Saa kumi na mbili kamili naushuka ukingo,
daftari kwapani, penseli sikioni.
Ubao wa kipimo umesimama majini hadi kiunoni
na mimi nausoma: sentimita sabini na mbili.
Jioni narudi, nausoma tena.
Ndiyo kazi. Ofisi ya bonde hunilipa kwa hilo,
ikikumbuka.

Mwaka huu Zigi ni chai ya maziwa.
Huko juu, chini ya Amani, watu wanachekecha mchanga usiku
kutafuta dhahabu ya kujaza ukucha,
na tope lao hupita hapa kabla sijanawa uso.
Tarakimu za ubao hazionekani.
Naingia, nazipangusa kwa kiganja,
ndipo nijue mto umefika wapi.

Hapo ndipo nilipomwona fisi maji.
Kichwa bapa, koo jeupe,
kama aliyekimbia kwa kinyozi na kitambaa shingoni.
Akafunga masikio, akafunga pua,
kama mtu afungavyo milango kabla ya safari,
akazama.
Nikahesabu. Nilipofika hamsini
aliibuka ng'ambo na kaa mkononi.
Mkononi, nimesema.
Vidole vyake vya mbele havina kucha,
laini kama vya mtoto anayepapasa mfuko wa baba
akijua kuna peremende.

Macho ya nini katika maji haya?
Sharubu zake humsikia kaa akivuta mguu chini ya jiwe,
vidole vinaingia, vinauliza, vinatoa.
Magego mapana; gamba likalia ka! likafunguka.
Alipopanda mwambani alijikung'uta mara moja tu
na ngozini alikuwa mkavu:
manyoya marefu kwa ajili ya mto,
mafupi, yaliyosongamana, kwa ajili yake mwenyewe.
Mimi nilikuwa natetemeka hadi magotini.

Bwana Semkiwa ana bwawa la perege nyuma ya migomba.
Perege wanapungua, na mwizi keshamjua.
"Fisi ni fisi," alisema, "awe wa nchi kavu, awe wa maji."
Alishika mtego wa chuma uliopakwa mafuta mapya.
Akaniomba nimwonyeshe shimo.

Sikumwonyesha shimo. Nilimwonyesha choo.
Juu ya jiwe lile lile ninapowekea daftari
kila asubuhi kuna rundo dogo linalonuka.
Nikalivunja kwa kijiti: vipande vyekundu vya gamba,
ncha ya gando, gamba tena.
Mfupa wa perege, hata mmoja.
Semkiwa akachuchumaa, akavunja jingine mwenyewe.
Akavunja la tatu.
"Sasa nani?"
Na upepo ukatuletea, kutoka jikoni kwa mpwa wake,
harufu ya samaki wa kukaanga.

Mtego aliondoka nao. Sijui umelala wapi.

Daftari lina safu ya tarehe, ya saa, ya kina,
na safu nyembamba iitwayo Maoni,
ambamo miaka tisa nimeandika "hakuna".
Jioni hii maji yamepanda sentimita nne, mazito zaidi,
na kule mwambani kitu kinatafuna bila haraka.
Nimeandika neno moja: kaa.
Wa ofisini watadhani ni amri.
Na iwe.