Paa Lisilo na Theluji

Nilitumwa tena Chvirani, mwezi wa pili,
na mita kumi na nane ndani ya sanduku la bati
na barua yenye muhuri wa kampuni.
Mimi mtu wa Kutaisi, mwana wa fundi saa;
kwetu iliaminiwa akrabu, si midomo ya watu.

Barabara ilikatika darajani. Nikapanda kwa miguu,
na kabla sijaona mtu nikaona mapaa:
thelathini na moja meupe,
saba yako wazi, bati jeusi, yanatiririka.
Theluji haikai juu ya nyumba inayochimba sarafu.
Wenyewe walikwisha kuziruka mita zetu,
waya chini ya samadi, waya ndani ya bomba la maji,
wakasahau kuliziba paa mdomo.

Hiyo sarafu haina shaba wala sura ya mfalme.
Mashine huihesabu usiku kucha,
zikivuma kama mzinga uliochokozwa,
na sifa yake kubwa, husema wanaoiuza,
ni kwamba hakuna anayelazimika kumwamini mwenzake.

Murzakani alizipanga zake mnarani.
Mnara ule aliujenga babu wa babu yake
apate kuwapiga risasi majirani akiwa ameketi.
Mawe unene wa dhiraa mbili, baridi ya bure.
"Walau sasa unaleta faida," aliniambia,
akanijazia glasi. Nikanywa. Nitalirudia hilo.

Ng'ambo ya kijito, mume wa Tsiuri
alipumua kwa mashine ya hewa iliyochomekwa ukutani.
Januari transfoma ilipiga kelele, ikazima,
saa nne na dakika ishirini usiku,
na Tsiuri akampepea kwa jalada la kalenda
hadi kukapambazuka.
Hakufa. Ndiyo maana damu haikumwagika.
Lakini hajasema neno tangu siku ile,
na wanawe wameishusha bunduki juu ya kabati,
wanaifuta mafuta, wanairudisha, wanaishusha.

Mita zangu? Usiku wa kwanza zilipigwa tatu.
Moja niliikuta na tundu katikati ya sifuri.

Jumapili hawakumwita polisi.
Walimtoa Giorgi Mtakatifu kanisani:
ubao uliovikwa fedha, mdogo kuliko tofali,
umebusiwa hata nyuso zimefutika,
humtambui yeye, humtambui joka.
Mbele yake, wakasema, mababu waliacha kuuana.
Nyumba thelathini na nane, mikono thelathini na nane.
"Nikiwasha tena, nisimpakate mjukuu."
Mmoja baada ya mwingine, mvuke ukiwatoka kinywani.

Murzakani alikuwa wa tisa.
Alilitazama lile paa la fedha, sijui kwa nini nasema paa,
akasema, "Nipeni saa moja."
Wakampa. Walisimama thelujini, watoto pia.
Kule mnarani feni zilikufa moja moja,
na kwa mara ya kwanza tangu nifike
nikakisikia kijito.

Nikajiambia: hofu tu. Watu wa milimani.
Kisha nikakumbuka barua yangu na muhuri wake,
na kwamba haikuzima hata taa ya choo.

"Mgeni naye aape," alisema Tsiuri.
Niape nini?
"Kwamba hukula."

Mkono mtupu haulambwi, na wangu, vuli iliyopita,
haukurudi mtupu: jibini moja la chumvi,
lari mia tatu ndani ya gazeti,
ili mita ya mnarani niisome kutoka barabarani.

Mimi siamini. Ubao ni ubao.
Nikainua mkono wa kuume, mwepesi kabisa,
ukafika kwenye kifungo cha tatu cha koti,
ukagoma.

Tsiuri alikitazama kile kifungo.
Hakusema kitu.
Akaenda kuniletea kiti.