Sifuri Isiyofungwa

*Swali la 4. Eleza kwa nini umbo la mwezi hubadilika. (Alama 2)*

Tamimu Ntakije, darasa la sita, Kibirizi,
amejibu kwa kalamu inayokatika wino:
"Mwezi ukiwa mchanga baba anaingia ziwani na taa.
Ukinenepa, dagaa wanaiona taa ya juu,
hii yetu wanaidharau.
Ukijaa baba analala nyumbani siku saba
na mama anakopa unga kwa Mzee Bilali.
Ukipungua tunalipa."

Mwongozo wa kusahihisha uko magotini pangu.
Unataka neno *jua*, neno *kuzunguka*, neno *kuakisi*.
Haumtaki Bilali. Deni haulijui.
Nikaandika sifuri, mkono ukasita kabla haijafungwa:
duara lenye mwanya mdogo,
kama mwezi wa siku ya kumi na tatu.

Kulipokucha nikashuka mwaloni kuazima karabai,
kuukuu, iliyostaafishwa na taa za sola.
Madirisha tukayaziba kwa magunia yanayonuka dagaa.
Chikichi moja nikalichoma kwa spoku ya baiskeli.

"Karabai ni jua. Chikichi ni mwezi.
Kichwa chako, Tamimu, ndiyo dunia,
na Kigoma iko hapo puani."
Darasa likacheka. Dunia nayo ikacheka.

Akanyoosha mkono, akaanza kugeuka
polepole, kama mtu aliyebeba maji.
"Silioni, mwalimu, limekuwa jeusi."
Endelea.
"Ukucha tu."
Endelea.
"Nusu. Upande wa taa."
Endelea, mwanangu, usiniangalie mimi.

Akafika mahali taa iko mgongoni,
kivuli cha kichwa chake kikalimeza chikichi.
Bila kuambiwa akauinua mkono,
na chikichi lote likawaka,
jekundu, lenye mafuta, zima.
Akasimama hapo. Karabai inavuma.
"Hapa," akasema, "ndipo baba analala."

Kisha, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa chenji:
"Kumbe haunenepi. Ni pale tuliposimama."

Juma lililofuata: Bonde la Ufa.
Mvua ilikuwa imepita usiku, vumbi limelala,
milima ya Kongo ikasogea hadi dirishani.
Nikasema msidanganyike, haiji, inakwenda.
Chini ya ziwa ardhi inaachana,
milimita mbili, tatu kwa mwaka,
polepole kuliko ukucha unavyoota.

Sikudhani Lubunga hanyooshi mkono kamwe.
Siku hiyo aliunyoosha.
"Bibi yangu yuko Kalemie.
Kwa hiyo anazidi kuwa mbali?"

Nikajibu kijinga: "Milimita tatu tu,
meli haitapandisha nauli."
Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.
Mapumziko nikamkuta nyuma ya choo cha walimu
anapima ukucha wa kidole gumba kwa rula iliyovunjika
kuanzia sentimita nne.

Nimesomea ualimu miaka miwili.
Hakuna aliyenifundisha
kwamba ukisema *bara linapasuka*
kuna mtoto atauliza bibi amebaki upande gani.

Usiku nimeirudia karatasi ya Tamimu.
Kwa wino mwekundu nimeandika pembeni:
*Umeniambia mwezi unafanya nini.
Nilikuuliza kwa nini.*
Nikaisoma tena, nikaona haya,
maana mimi la kwanza nilikuwa silijui;
nimekula dagaa hapa miaka sita
nikidhani wanaadimika kwa bahati mbaya.

Alama moja.
Ya pili ameipata mbele ya karabai,
ila mwongozo hauna mahali pa kuiandika.

Umeme umekatika. Mwezi leo umechelewa kutoka.
Ziwani taa ya kwanza imewaka, kisha tatu,
kisha nimeacha kuhesabu.
Juma hili Mzee Bilali atalipwa.