Safu ya Umri

Daftari la wageni lina safu sita:
jina, kitambulisho, atokako, aendako, chumba, sahihi.
Ya saba niliichora mwenyewe, kwa rula na kalamu nyekundu,
wiki ile Malindi ilipoanza kuvimba kwa bendera
na bei ya kitanda ikapanda kama bei ya tambi mwezi wa Ramadhani.
Juu yake nikaandika: umri.
Mwenye nyumba akacheka. "Jumwa, hapa si kliniki."

Shule zimefungwa mwezi mzima kupisha mechi.
Kengele imenyamaza, walimu wamekwenda makwao,
na watoto wa Muyeye wamegeuka wauza bendera,
walinda magari, wapaka wageni rangi mashavuni.
Mji huu unajua kuhesabu:
mabasi, kreti za soda, kona, kadi za njano.
Watoto, hakuna aliyetumwa kuwahesabu.

Saa tatu na robo, mpira umeshaanza,
akaingia mwanamume na suti ya michezo isiyojua jasho,
filimbi shingoni,
nyuma yake mvulana ndani ya jezi mpya namba tisa,
lebo ya bei ingali yaning'inia kwapani.
"Mpwa wangu. Alfajiri tunapanda basi,
anakwenda kuokota mipira uwanja mkubwa."
Akaandika: Brayan. Akaandika: kumi na minane.
Kumi na minane, na pengo la jino halijaziba!

Nikamwuliza mtoto jina kwa Kigiriama,
lugha ambayo filimbi haikuijua.
"Kaingu," akasema. "Kaingu wa Tsofa."
Kisha akamtazama yule mtu
kama beki aliyejifunga goli.

"Mashine ya risiti imekwama," nikasema.
Haikukwama. Sina mashine ya risiti.
Nikaingia jikoni, nikafungulia bomba lipige kelele,
nikabonyeza moja, moja, sita.
Simu ile haili salio.
Inakula roho tu, mlio kwa mlio.

Ukumbini wakalipuka: goli!
Nilipotoka, suti ya michezo haikuwapo.
Ilikwenda na kalamu yangu.
Mtoto alikuwa palepale, macho kwenye televisheni.
"Nani kafunga?" nikamwuliza,
maana sikuwa na neno jingine mdomoni.
Hakujibu. Akauliza kama jezi atairudisha.

Afisa wa watoto alikuja kwa pikipiki, amelowa,
fomu kifuani, biskuti mfukoni.
Aliketi sakafuni, chini ya kimo cha mtoto,
ndipo akauliza.
Mamake alikuwa amepewa ahadi, na picha ya uwanja.
Picha ile aliibandika ukutani.

Asubuhi waliniita shujaa.
Mpishi alinikaangia mayai mawili bila kuniandikia deni.
Nikafungua daftari, nikarudi nyuma kurasa mbili.
Jumanne. Chumba namba tano.
Jina la mtu mzima, na chini yake, kwa mwandiko wangu,
mwandiko mzuri niliopigiwa makofi darasa la sita:
*na mpwa.*
Safu ya umri, tupu.

Kulikuwa na foleni. Nilikuwa na usingizi.
Alikuwa mtaratibu, yule mgeni, aliniachia chenji.
Na mtoto alivaa kandambili za bluu,
moja imeshonwa kwa waya.
Hilo tu nalikumbuka: waya.
Uso sikuutazama.
Ukurasa nimeuchana, nimempa afisa. Sina zaidi.
Chenji ile nilinunulia sukari. Tumeshainywa.

Leo kuna mechi tena.
Nimenunua kalamu, nimeifunga kaunta kwa uzi wa katani.
"Karibu," nasema. "Na huyu, ana miaka mingapi?"
Mgeni anakunja uso. Aukunje.
Nauliza tena, kwa sauti,
mpaka walioko mbele ya televisheni
wageuke.