Bunduki ya Upepo

Kwa Fundi Kapya, Katuba, nyuma ya mashine ya unga,
zilikuwa tatu, zimelazwa juu ya gunia
kama samaki wa siku tofauti.
Nilikuja na franka za viazi, fundo kwenye pindo la kitenge,
na hesabu ya ndezi kichwani:
mashina arobaini ya muhogo kwa wiki moja,
mahindi machanga yamelala chini
kana kwamba mlevi amepita akitafuta njia ya kwao.
Mitego wameisoma, wameimaliza.
Mbwa wa jirani anakula bukari yangu na kuwaota.

«Ni ya bwana?»
Bwana yuko Kolwezi na mambo yake, nikasema.
Ni ya kwangu.

Akanipa ya kwanza, nzito kama deni.
Kuukunja mtutu hadi springi ikae
kunataka mkono uliosukuma mabehewa ya Gekamini.
«Hii inatoboa ubao!»
Mimi sili mbao, baba.

Ya pili ilimetameta, kitako cha plastiki,
darubini mgongoni kama mtoto asiyetaka kushuka.
«Utaziona hata sharubu zake.»
Sharubu nazijua. Ziko kwenye muhogo wangu kila alfajiri.
Nikautikisa mtutu: ukacheza
kama jino la Mwepu, mpwa wangu, siku moja kabla halijang'oka.

Ya tatu ilikuwa kuukuu.
Kitako chake cha kwanza kilivunjika, mtu akachonga kingine cha mninga,
na shavu la mtu huyo, sijui ni nani,
limeacha bonde dogo kwenye mti.
Nikaweka langu humo. Likaenea.
Nikaikunja juu ya paja: ikalalamika, ikakubali.
Milimita tano na nusu, darubini hakuna,
ni jicho, ufa, na kinundu cha mbele.
Mkebe wa nyanya juu ya kichuguu, hatua ishirini.
Mara ya kwanza nikaua mbingu.
Mara ya pili, udongo.
Ya tatu mkebe ukaruka, na watoto waliotumwa unga wakashangilia
kana kwamba ni wao.

Bei tukaanza kuizungumza. Halafu nikasema: ngoja.
Zipige zote, moja moja,
mimi nikiwa nyuma ya ukuta, nimefumba macho.
Kapya akaniangalia kama mteja aliyekosea mlango,
aliyekuja kununua gitaa.

Sikumwambia habari ya mama.
Tangu mwaka ule wa kukimbia, mama yangu Numbi
akisikia tairi la pikipiki limepasuka, au bati limeanguka,
yuko chini ya kitanda kabla hujamwita.
Kisha hutoka polepole, vumbi magotini,
akisema alikuwa anatafuta kandambili.
Nasi tunamsaidia kuitafuta.

Ya kwanza: paa!
Wanawake wenye ndoo za mahindi wakanyamaza wote.
Ya pili: cha! kama mlango wa mtu mwenye hasira.
Ya tatu: tfu,
mtu anatema makapi ya muwa.

Hiyo, nikasema. Hiyo hiyo.

Akapunguza kidogo, akanipa mkebe wa vidonge mia mbili,
nikapita njia ya nyuma, bunduki ndani ya mkeka,
maana avenyu yetu ina macho na midomo.

Jioni mama alikuwa anachambua maharagwe.
Nikaenda nyuma ya jiko, nikalenga papai bovu juu ya tofali,
nikashika pumzi.
Tfu.

Nikachungulia.
Bado kwenye kigoda. Ungo mapajani.
«Nani anatema mate kwenye uwanja wangu?»
Kandambili zote mbili zilikuwa miguuni.

Papai nililikosa.
Vidonge vimebaki mia moja tisini na tisa, na mkono unauma.
Ndezi, kesho.