Kipepeo cha Mfenesi

Gari linalala juani tangu mwezi wa Rajabu.
Ghaniya akitaka kutoka hushika usukani kwa upindo wa leso,
hasemi neno, ananitazama tu:
banda la gari nimelijaza jiriwa, misumeno,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Ubao ni wa mkunazi.
Mti wenyewe ulisimama kwa ami yangu, Ibra, ukingoni mwa wadi,
mpaka mafuriko ya usiku mmoja yakaulaza.
Ami alisema: "Majani yake tumewaoshea wazee wetu.
Mbao zake sizijui. Jaribu."
Biju wa Wadi Kabir akaupasua kwa riali kumi na mbili,
msumeno wake ukalia mara tatu penye fundo.

Nilichora meza ya pembeni ya kitanda:
miguu mitatu, inayokonda ikishuka,
bila msumari, bila nakshi,
mbao na mbao zishikane zenyewe.

Ulimi ukizidi unene wa karatasi, tundu litapasuka.
Ukipungua, meza itacheza kama jino la mtoto.
Na gundi ya Mabela haina subira:
saa kumi na moja alfajiri, digrii thelathini na sita,
una dakika nne za kubahatisha,
ya tano umeshachelewa.
Nilichelewa mara mbili.

Nikaona nimpunguzie mkunazi joto.
Nikauingiza ubao chumbani, chini ya kiyoyozi, siku mbili.
Siku ya tatu, nikiwa nanywa kahawa,
nikasikia *ta!*
Ufa. Urefu wa shibiri, kutoka ukingoni kwenda katikati.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Lakini ubao hujengewi ukuta.
Ubao hutafutiwa wa kuushika mkono.

Ndipo nikaikumbuka mbuzi ya mama,
ya kukunia nazi, ya mfenesi,
iliyotoka naye Wete imeviringishwa ndani ya mkeka.
Ilivunjika mguu tulipohama Ruwi.
Siku hizi tui linatoka kwenye kopo
na mbuzi iko stoo, nyuma ya ngazi,
haikuni kitu na hakuna anayeitupa.

Sikuomba ruhusa.
Nikakata kipande kwenye ule mguu uliovunjika,
nikakichonga kipepeo: mabawa mawili, kiuno chembamba.
Nikachimba nyumba yake juu ya ufa kwa patasi ya robo inchi,
nikakigonga kidogo kidogo, nikishusha pumzi kila pigo,
mpaka kikazama.
Manjano ndani ya wekundu, kama bizari iliyomwagikia kitambaa.
Ufa ulibaki pale pale. Haukwenda tena mbele.

Mama, Bi Shinuna, akaizunguka meza na mkongojo wake.
"Maua yake yako wapi? Na njumu za shaba?"
"Ndio mtindo wa sasa, mama."
"Mtindo wa watu walioishiwa pesa."
Akatandika juu yake kitambaa cha kufuma, akaifunika yote,
akapanga dawa za presha, miwani, redio,
na glasi ya maji yenye kisahani juu.
Miezi mitano ya msasa, chini ya uzi mweupe.

Juma lile, tukila, akasema, akichambua mwiba wa samaki:
"Mbuzi yangu imepungua."
Nikameza.
"Imepungua, lakini haijatoka nyumbani," nikamjibu.
Akaendelea na samaki wake.

Asubuhi nilipompelekea chai, kitambaa kilikuwa kimekunjwa kona moja,
kona ile tu. Redio ilikuwa imehamia upande wa pili.
Nikaiweka chai nilipoonyeshwa, mbali na manjano yale.

Ghaniya ameniuliza: je, na gari?
Nimeliingiza nusu.
Kuna ubao umebaki.